Ndoo ya Pili

Fundi alikufa kwa umeme, na plagi ilikuwa imechomolewa ukutani.

Hilo ndilo lililomkalisha Inspekta kitako asubuhi ile. Daktari alikuwa ameandika kwamba moyo ulisimamishwa na umeme. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kimeungua nchani, kiganja cha kushoto kina mstari mweusi. Koplo, aliyefika kwenye karakana kabla mwili haujapoa, alikuwa ameandika kwamba waya wa amplifaya ulikuwa umelala sakafuni, mbali na soketi. Karatasi mbili, meza moja. Zilibishana kama majirani waliogombania mpaka, na kila moja ilikula kiapo.

"Labda daktari alikuwa na usingizi," Koplo alisema.

"Labda wewe ulikuwa nao."

"Afande, plagi niliiona kwa macho yangu haya mawili."

"Basi kaa nayo. Nani huyo nje?"

Nje, kwenye benchi la mapokezi, alikuwa amekaa binti wa marehemu. Hakuitwa. Alikuja kwa miguu yake akamwambia askari wa zamu, "Nifungeni. Mimi ndiye niliyemuua baba." Askari wa zamu alizoea watu wanaokana hata majina yao. Hakujua amwandike huyu wapi, ndipo akampa maji ya kunywa.

Inspekta alimwingiza ndani. Alikuwa msichana mzima, mrefu, macho makavu ya mtu aliyekwisha kulia yote, na vanishi ya kahawia imekauka kwenye kucha zake.

"Umemuua kwa kitu gani?"

"Kwa choki."

"Mimi choki siijui. Nieleze kama unavyomweleza mteja mbishi."

Binti alivuta pumzi. "Ni koili, afande. Waya mwembamba, unauzungusha maelfu ya raundi, unaupitishia vipande vya chuma katikati. Ndani ya amplifaya ya vali, zile za chupa za kioo, inakaa kati ya kapasita mbili. Baba alikuwa anatengeneza amplifaya kubwa ya ukumbi wa muziki. Choki yake nilisuka mimi. Waya ukanikatikia njiani nikauunga."

"Kuunga ni dhambi?"

"Kwa baba ilikuwa dhambi. Waya ukikatika, unatupa yote, unaanza upya. Nilikuwa nimeshafika mbali, nikaona uvivu. Nikaunga kwa solda, nikafunika karatasi, nikaendelea. Sikumwambia. Sasa kiungo kimeachia, na baba kafa."

"Nani kasema kimeachia?"

"Baba mdogo. Siku ile ile. Alinishika bega akaniambia, usilie mwanangu, choki imekatika, ni bahati mbaya, hukukusudia."

Inspekta aliliacha lipite. Alichukua kofia yake na ufunguo wa karakana, ambao Koplo alikuwa ameuweka kwenye droo tangu siku ya kifo.

"Twende ukanionyeshe ulivyoua," alimwambia.

*

Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu, mbele kaunta ya wateja, nyuma meza ya kazi. Kuta zimejaa transfoma kuukuu zilizopangwa kwa ukubwa, kama watoto wa shule mstarini. Harufu ya solda na vanishi ilikuwa bado imo. Juu ya meza, amplifaya ya ukumbi ilikuwa imelazwa tumbo juu, kasha la bati limefunuliwa, matumbo yake nje. Pembeni, vali zake zote zilikuwa zimelazwa kwenye pamba.

Koplo alisimama mbali akatia mikono yote miwili mfukoni.

"Mmoja unatosha, afande," binti alimwambia.

"Mmoja wa nini?"

"Ndiyo sheria ya baba. Mbele ya amplifaya ya vali, mkono mmoja unafanya kazi na mmoja unakaa mfukoni. Umeme ukiingia mkono huu ukatokea mkono ule, unapita moyoni. Ukiwa na mkono mmoja, unakuchoma tu unaruka."

"Mimi naacha yote ndani," Koplo alisema. "Nina watoto."

Inspekta aliinama juu ya kasha. "Baba yako aliungua mkono wa kulia na wa kushoto. Mbona siku ile aliitoa yote?"

"Kwa sababu ya balbu." Binti aliokota kitu chini ya meza: balbu mbili zilizofungwa moja nyuma ya nyingine, zenye nyaya mbili ndefu za kugusishia. "Ukichomoa plagi, amplifaya bado ina umeme. Kapasita zimeubana. Baba anagusisha hii kwenye kapasita, balbu zinawaka pwaa, halafu zinafifia mpaka zinazima. Zikizima, umeme umekwisha. Hapo ndipo anatoa mkono mfukoni. Hajawahi kukosea. Hata mimi akinikuta nimetoa mkono kabla ya balbu kuzima, ananichapa kwa rula."

"Kapasita ziko ngapi?"

"Mbili. Hii hapa ukingoni, na ile kule ndani, chini ya nyaya."

"Na balbu anaigusisha wapi?"

"Hii ya ukingoni. Siku zote. Ile ya ndani kuifikia ni kazi."

"Kwa hiyo moja anaimaliza, na nyingine anaiacha?"

Kwa mara ya kwanza binti alimtazama Inspekta kama mtu aliyeuliza swali la maana. Alivuta ndoo mbili za kufulia nguo kutoka kona ya chumba, akaziweka sakafuni kando kwa kando.

"Fanya hizi ni kapasita. Transfoma ile kubwa inaupandisha umeme wa ukutani mpaka volti mia sita. Rektifaya inaufanya uende upande mmoja tu, usirudi nyuma. Unamiminika ndoo ya kwanza. Lakini unakuja kwa kuruka ruka, ukiusikiliza kwenye spika unavuma. Ndiyo maana kati ya ndoo na ndoo unaweka choki. Choki haipendi mabadiliko, afande. Umeme ukirukaruka inaushika kiuno, inauambia tembea. Ukifika ndoo ya pili umetulia kama maji ya mtungini. Sasa, choki kwa yenyewe ni waya tu. Ni kama mpira wa maji unaounganisha ndoo hizi chini. Ukimwaga ya kwanza, ya pili nayo inakauka kwa kupitia mpira. Kwa hiyo baba hakuwa na haja ya kuifuata ile ya ndani."

"Mpira ukikatwa?"

"Unamwaga ya kwanza, unaiona kavu, na ya pili imejaa. Ndicho nilichomfanyia."

Inspekta alimulika tochi chini ya nyaya. Kwenye skrubu ya kapasita ya ndani kulikuwa na kijishimo cheusi, kidogo kama tundu la sindano ya kushonea magunia. Ukingo wa kasha, mahali ambapo mtu angeshika kwa mkono wa kushoto ili alivute kasha karibu, rangi ilikuwa imebabuka. Alivipima kwa macho na karatasi ya daktari. Kidole pale, kiganja hapa. Ndoo ya pili ndiyo iliyoua, na hapo binti alisema kweli.

Akakaa kwenye kiti cha marehemu.

"Nina swali la mtu asiyejua," alisema. "Umeme unaingilia ndoo ya kwanza, sivyo?"

"Ndiyo."

"Na kufika ya pili lazima upite mpirani. Hakuna njia nyingine?"

"Hakuna."

"Sasa kama choki yako ilikuwa imeachia, ndoo ya pili aliijaza nani?"

Binti alizitazama ndoo. Koplo naye alizitazama, akatoa mkono mmoja mfukoni akajikuna kisogo.

"Labda... labda iliachia baada ya kujaa," binti alisema taratibu.

"Kiungo cha solda kinaachiaje?"

"Kwa joto. Mkondo mkubwa ukipita, waya unachemka."

"Siku ile ulipita mkondo mkubwa?"

Binti aligeuka akazitazama vali kwenye pamba. "Hapana. Baba akisuka upya sehemu ya umeme, anaijaribu peke yake kwanza, vali za sauti zote nje. Vali ndizo zinazokula umeme. Zisipokuwepo, kapasita zinajaa na kukaa, na kwenye choki hakupiti kitu. Waya haupati hata vuguvugu."

"Basi hebu tuitazame hiyo choki yako."

Ilikuwa tofali dogo la chuma na waya, ukubwa wa ngumi mbili, limefungwa uzi wa buluu.

"Huu uzi?"

"Wangu. Kila anayesuka koili hapa anafunga uzi wake, ikirudi mbovu ajulikane. Baba mweupe, mimi buluu, baba mdogo mwekundu."

Alipitisha kidole kwenye utepe wa nguo uliofunika mahali waya wa koili unapotokea. Alipitisha tena. Uso wake ukabadilika.

"Huu si utepe wangu."

"Unaujuaje?"

"Mimi nikimaliza nazamisha koili yote kwenye vanishi, naianika juani. Utepe unakuwa mgumu kama ukucha. Shika huku." Inspekta alishika upande wa chini, ulikuwa mgumu, unang'aa. "Sasa shika hapa." Hapo ulikuwa laini kama bendeji. "Huu umefungwa baada ya vanishi kukauka."

"Ufungue."

Aliufungua raundi kwa raundi. Chini yake, waya unaotoka kwenye koili ulikuwa vipande viwili, vimekunjwa kila kimoja upande wake visigusane. Ncha zake ziling'aa, bapa na safi. Solda iliyoachia haiachi ncha ya namna hiyo. Hiyo ilikuwa kazi ya koleo la kukatia.

"Kiungo chako kiko hapa?"

"Hapana, kiko ndani kabisa, katikati ya koili."

"Pima basi. Kutoka kipande hiki kilichobaki upande wa koili, mpaka mwisho wa pili."

Binti alichukua mita ya kupimia kama umeme unapita. Inspekta akamshikia ncha moja. Sindano ya mita ililala kidogo, kisha ikapanda ikasimama. Waya wote, raundi zote, pamoja na kiungo cha uvivu wake, ulikuwa mzima.

Binti aliiweka mita chini. Akakaa sakafuni kati ya ndoo mbili, akajifunika uso kwa viganja vya vanishi, na machozi ambayo Inspekta alidhani yamekwisha yakaanza upya.

"Sikumuua," alisema.

"Hukumuua. Lakini yuko mtu aliyeiacha ndoo ijae, akachomoa plagi, akaukata mpira, akaufunika. Hakukuwa na ajali hapa."

Koplo alikohoa. "Afande, kwa hilo mimi ninaye mtu. Meneja wa ukumbi. Yule wanayemwita Kengele."

*

Walimwita Kengele kwa ajili ya sauti. Alikuwa na kifua cha pipa, akisema "habari" mtaa wa pili wanaitikia. Walimkuta ukumbini akipanga viti peke yake. Jukwaa lilikuwa tupu, na mahali pa maikrofoni palikuwa na kiti kilichofunikwa kitambaa cheupe.

"Mnataka kujua kama nilimtisha? Nilimtisha," alisema kabla hajaulizwa. "Nilisimama mlangoni kwake nikamwambia na wewe utakufa kwa umeme kama alivyokufa dada yangu. Mtaa mzima ulisikia. Mimi nikinong'ona mtaa mzima unasikia."

Dada yake alikuwa mwimbaji wa ukumbi ule. Alishika maikrofoni ya chuma katikati ya wimbo, akaganda nayo, na watu wakapiga makofi wakidhani ni madoido, mpaka alipoanguka. Amplifaya, hiyo hiyo iliyolazwa sasa mezani kwa fundi, ilikuwa imetoka kwenye karakana ile ile, transfoma yake imesukwa upya.

"Siku fundi alipokufa ulikuwa wapi?"

"Pale pale mlangoni kwake. Alikuwa ameniita."

Koplo alipanua kifua. Inspekta alimwashiria atulie.

"Alikuita kwa nini?"

"Ndiyo ajabu. Mtu niliyemtukana mzazi wake ananitumia salamu, njoo. Nilipofika akaniambia njoo tena kesho, nitakupeleka polisi mimi mwenyewe, nitakuonyesha aliyemuua dada yako na nitakuonyesha kwa nini. Nikamwambia unanipiga chenga. Akaniambia kaa tunywe chai. Tukavuka barabara, tukakaa kibandani mkabala."

"Karakana mliiacha na nani?"

"Na yule mdogo wake. Chapuchapu."

"Amplifaya ilikuwa imewashwa?"

"Imewashwa! Transfoma ilikuwa inavuma kama mzinga wa nyuki, mpaka upande wa pili wa barabara tunaisikia. Nilimuuliza, hilo dude lako halitaungua? Akasema liache livume, nataka nione transfoma inapata joto kiasi gani."

"Iliendelea kuvuma mpaka mkamaliza chai?"

Kengele alisimama na kiti mkononi. Alifikiri.

"Hapana. Ilinyamaza. Fundi ana kikombe mdomoni, akasema, eh, nani kaizima? Akakinywa kwa haraka akainuka. Mimi nikabaki kulipa." Akakiweka kiti chini taratibu. Sauti yake, kwa mara moja, haikufika hata mlangoni. "Nilipokuwa nachukua chenji, nikasikia watu wanapiga kelele."

Walipotoka, Koplo alivua kofia akajipepea.

"Nilidhani ninaye," alisema.

"Ulikuwa naye. Ila ni shahidi. Ile karatasi ya maelezo ya Chapuchapu, inasemaje?"

Koplo aliijua kwa moyo, maana aliiandika yeye. "Kwamba alikuwa kaunta ya mbele muda wote. Kwamba amplifaya haikuwashwa siku ile. Kwamba alisikia kishindo, akakimbia, akamkuta kaka yake chini, na hakugusa kitu chochote kwa sababu aliogopa. Nikafika mimi, nikafunga mlango, nikachukua ufunguo."

"Na choki ilikuwa imefunikwa utepe mpaka leo."

"Ndiyo."

"Sasa yeye siku ile ile alimwambiaje mtoto kwamba choki imekatika?"

Koplo alisimama katikati ya njia, mpaka mwendesha baiskeli akamtukana.

*

Nyumba ya msiba ilikuwa ya mama yao, bibi wa binti. Mwili ulikuwa bado chumba cha maiti, ukisubiri karatasi ya Inspekta. Viti vimepangwa uani, watu wanazungumza kwa sauti za chini. Chapuchapu ndiye aliyekuwa akizunguka na jagi la maji, akimjazia huyu, akimpa pole yule, mwepesi kama jina lake. Jina hilo alipewa na kaka yake utotoni, na wateja walilipenda. Kwa kaka yake mteja alisubiri wiki. Kwa Chapuchapu alirudi jioni akachukua.

"Karibuni, afande, karibuni. Mama yuko ndani. Msimchoshe, hajala."

Bibi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa mwembamba, masikio yake mazima.

"Mama, samahani kwa kukuingilia," Inspekta alisema. "Mwanao mkubwa siku za mwisho alikuachia kitu? Binti anasema alipasua transfoma moja kuukuu, akaifunga kwenye nguo, akatoka nayo. Karakanani haipo."

"Kile kidude kizito? Kiko." Akainama chini ya kitanda, akakataa kusaidiwa, akavuta furushi. "Aliniambia mama, nihifadhie hiki, na mtu yeyote asikiguse, hata mdogo wangu. Nikamwambia, mmegombana tena? Akasema bado. Nami sikuuliza zaidi. Wanangu toka wadogo wanagombania vyuma." Alimkabidhi. "Kina faida gani kwako, mwanangu?"

Inspekta alilifungua furushi juu ya kiti. Ilikuwa transfoma ya amplifaya ya ukumbi, ile ya zamani, imepasuliwa kwa msumeno. Binti, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisogea akaitazama. Hakuhitaji mita.

"Karatasi haipo," alisema. "Kati ya waya wa ukutani na chuma unaweka karatasi raundi nne. Hapa waya umelala moja kwa moja kwenye chuma. Enameli, ile rangi inayofunika waya, ikikwaruzika tu, umeme wa ukutani unaingia kwenye kasha, na kutoka kwenye kasha unaingia kwenye maikrofoni."

Inspekta aliigeuza. Kwenye kona, chini ya masizi, ulikuwepo uzi mwekundu.

Aliyekuwa akija na jagi alisimama mlangoni, nyuma ya binti. Aliliona furushi, naye hakulikanusha.

"Baba mdogo," binti alisema bila kugeuka. "Nani alikuambia choki imekatika?"

"Mwanangu..."

"Nimekuuliza."

"Niliona tu. Mtu wa kazi anaona."

"Ilikuwa imefunikwa," Inspekta alisema. "Uliyeifunika ni wewe. Na amplifaya uliyosema haikuwashwa, Kengele aliisikia ikivuma na akaisikia ikizimwa, kaka yako akiwa mbele yake na kikombe mkononi. Ndani mlikuwa na nani mwingine?"

Chapuchapu aliliweka jagi sakafuni, kwa uangalifu, lisimwagike.

"Alisema kesho," alisema. "Kesho asubuhi ananipeleka kwenu. Nilimpigia magoti, afande. Nilimwambia ukumbi walikuwa wananisukuma, onyesho ni jioni, na kuzungusha karatasi kunakula muda. Ni karatasi tu! Koili ngapi nimefunga hivyo, hakuna aliyekufa. Nikamwambia kaka, mimi ni damu yako. Akaniambia, na yule mwimbaji alikuwa damu ya mtu."

"Ukaikata choki."

"Alivyorudi kutoka kwenye chai aliniuliza mbona umezima. Nikamwambia ilianza kunuka. Akasema ahsante. Akachukua balbu. Zikawaka, zikazima. Nilikuwa nimesimama pale. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Akatoa mkono mfukoni."

"Ukamwacha mtoto wake ajifunge mwenyewe," Koplo alisema. Ndiyo mara ya kwanza siku ile alisema kitu bila mzaha.

"Nilimwambia hakukusudia!"

"Nani alikuambia ameunga waya?" Inspekta aliuliza.

"Nilimwona siku anaunga. Nikanyamaza. Nikajua iko siku."

Uani watu walikuwa wamejisogeza karibu na mlango. Bibi alikuwa bado amekaa ukingoni mwa kitanda, macho yake yakitoka kwenye kile chuma kwenda kwa mwanawe, yakirudi kwenye chuma. Alikuwa amekilalia kwa juma zima.

"Mimi ndiye niliyekitoa," alisema. "Nimekitoa kwa mikono yangu."

"Mama," Chapuchapu alisema.

"Usiniite."

Koplo alimfunga pingu mlangoni pale pale. Chapuchapu alitoa mikono yote miwili.

Gari lilipoondoka, Inspekta alibaki kuandika kibali cha kuchukua mwili. Binti alikuja akasimama mbele yake.

"Afande, ile choki mtanirudishia?"

"Ni ushahidi. Baada ya kesi. Unaitakia nini?"

"Nataka kuivunja. Nisuke nyingine isiyo na kiungo." Alifikiri. "Baba angeniambia nianze upya."

Kwa hiyo gharama ya haraka ya Chapuchapu ilikuwa hii. Karatasi raundi nne, upana wa vidole vitatu, kazi ya muda usiotosha kunywa kikombe cha chai. Kwa kukosekana karatasi hiyo Kengele alimzika dada yake, na ukumbi wake haukufunguliwa tena. Fundi alikufa akiwa amefuata sheria yake yote, balbu imezima, mkono umetoka mfukoni kwa haki. Binti alibaki na karakana na nyuzi za rangi tatu, mbili hazina mwenyewe, na hakuwa na mtu wa kumwita baba, mkubwa wala mdogo. Na Bibi, aliyezaa wanaume wawili, alimzika wa kwanza kesho yake. Wa pili hakuwepo kushika koleo la kufukia kaburi, wala mama yake hakumuulizia.